Tulirudi Mbiye

Mwaka wa shule uliopita mwanafunzi mmoja wa humanite alituuliza swali ambalo siku ile hatukulijibu vizuri. Tulikuwa tunafundisha somo la visiwa: kisiwa cha volkano, kisiwa cha matumbawe, kisiwa kinachozaliwa na mchanga wa mto. Kwa mfano tulichukua Zanzibar, maana ni mfano rahisi, hata vitabu vinaupenda. Tukachora Unguja na Pemba ubaoni, tukaeleza minazi, karafuu, mchanga mweupe, samaki wa kuchoma wanaouzwa jioni pale Forodhani, na watalii wanaoshuka kwa ndege kuja kulala juani. Mtoto akainua kidole.

"Mwalimu, kati yetu hapa ni nani atafika kule? Kwetu hakuna kisiwa cha kwenda kuangalia?"

Wenzake walicheka. Sisi pia tulicheka, kiisha tukaona haya. Kwa maana mji anamoishi mtoto yule unaitwa Kisangani, na wazee wanatuambia kwamba jina lenyewe maana yake ni "kwenye kisiwa". Wenyeji walisema Boyoma. Waswahili wakalisema kwa lugha yao, wakaweka -ni mwishoni kama wanavyoweka kwa sokoni na shambani. Rafiki yetu mmoja mchuuzi, aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, anapenda kututania kwamba kule pwani kisanga ni jambo la matata, basi sisi ni watu wa "kwenye matata". Kwa yale mji huu umeyaona, hatukubishana naye sana.

Na kisiwa chenyewe kipo, tena si kidogo. Kinaitwa Mbiye. Urefu wake ni kama kilomita 14, upana unafika karibu kilomita 4 pale kinaponenepa. Kiko katikati ya mto, upande wa juu wa maporomoko ya Wagenia, ambayo ni ya saba na ya mwisho katika yale maporomoko yanayoanzia Ubundu, kilomita mia hivi kutoka hapa. Watu wengi wa mji wanaangalia ule msitu mweusi ulio juu ya maji wakidhani ni ng'ambo, upande wa Lubunga. Si ng'ambo. Ni kisiwa, chenye vijiji, mashamba, msitu mkubwa na mchanga.

Sisi tulikuwa tunajua. Tulikuwa hata na deni kule, deni la miaka zaidi ya ishirini, na labda ndiyo sababu kicheko chetu darasani kilikatika haraka.

Mwezi wa sita mwaka 2000 tulikuwa bado mwanafunzi pale Chuo cha Ualimu, ISP. Wasomaji wa umri wetu hawana haja ya kuelezwa. Wadogo wanaiita tu Vita ya Siku Sita, kama kichwa cha somo. Toka tarehe 5 mpaka tarehe 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigania mji usiokuwa wa huyu wala wa yule. Mabomu yalianguka kwa maelfu, raia wakafa kwa mamia. Siku ya tatu usiku, mama yetu alitufunga wadogo zetu wawili mkononi kwa kitambaa ili wasipotee, tukateremka mpaka majini. Mvuvi mmoja alikuwa anapakia watu katika mtumbwi wake. Hakuuliza pesa. Hakuuliza hata majina. Alisema tu: "Inameni, mutoto asilie."

Alituacha Mbiye. Pale mama mmoja tusiyemjua, mwenye nyumba ndogo karibu na njia ya kwenda majini, alitupa nafasi chini ya paa la jiko lake. Tulilala pale siku nne. Asubuhi ya kwanza alileta sinia la lituma na samaki wadogo wa moshi katika mafuta mekundu. Mama yetu alianza kulia mbele ya chakula. Yule mama akamwambia: "Kuleni kwanza. Kulia, mutalia kiisha."

Vita ikaisha, tukarudi mjini kuhesabu nyumba zilizobaki. Tukasema tutarudi Mbiye kushukuru. Kiisha ikaja diplome, ikaja kazi ya kwanza mbali kule Isangi, ikaja ndoa, wakaja watoto, ikaja mishahara inayochelewa. Kila mwaka tulisema mwaka kesho. Mwezi wa pili mwaka 2022 tulisikia kwamba Mahakama ya Kimataifa kule La Haye imeagiza Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa yale ya vita, na mjini kila mutu akaanza kuzungumza juu ya malipo. Sisi tulifikiri juu ya sinia la lituma. Katika hesabu ile, sisi ndio tuliokuwa tunadaiwa.

Mwanafunzi wetu yule mwenye swali, familia yake ilivuka mto kutoka Lubunga mwaka 2023, wakati Wambole na Walengola walipoanza kupigana. Na yeye alilala kwanza kwa watu asiowajua. Jambo hilo tulilijua kiisha tu, tulipouliza. Basi likizo kubwa ilipofika, tukamwambia mama watoto: safari hii tunakwenda.

Tulichagua mwezi wa nane kwa sababu mbili. Ya kwanza, maji yanashuka, mchanga unatoka. Ya pili ni mbinzo, maana huo ndio wakati wa mbinzo, na mtu wa Kisangani anayesema hafikirii mbinzo katika mwezi wa nane anadanganya. Tulikuwa watatu: sisi, mama watoto, na kijana wetu mkubwa wa miaka kumi na nne. Tulibeba chumvi, sabuni, sukari, kitenge kimoja, na mchele kilo kumi.

Mchele huo una historia yake, tuiseme kidogo. Stanley alipita hapa mwanzoni mwa mwaka 1877 na watu wake, wengi wao watu wa Zanzibar. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1883 alirudi kuweka kituo cha Leopold wa Pili, akakiweka juu ya kisiwa kimojawapo cha hapa kwenye maporomoko. Nyuma yake wakafika wachuuzi wa Zanzibar wenyewe, na mwaka 1887 Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, akapewa na Leopold cheo cha gavana wa Stanley Falls. Mpunga tunaoulima toka hapa mpaka Maniema ulitufikia kwa njia ya watu hao, pamoja na hii lugha tunayoandikia. Misafara iliyobeba mbegu ilibeba pia minyororo, na hapa kwetu si wote wanaotaja jina la Tippu Tip kwa sauti moja. Tukila wali hatuyafikirii hayo. Lakini mwalimu akibeba mchele kwenda kisiwani, ni vigumu kichwa kisifanye kazi.

Asubuhi saa kumi na mbili tulipanda moto mbili mpaka komini ya Kisangani. Zamani tungekwenda kwa toleka, baiskeli zetu za kubeba watu ambazo zilisaidia mji huu kutembea wakati wa vita, lakini siku hizi moto zimewafukuza vijana wa toleka katika njia nyingi. Tukashuka kwenye bichi. Mgeni asikosee: kwetu bichi si pahali pa kulala juani. Ni pale mitumbwi inapopakia mihogo, nguruwe, mikungu ya ndizi, na ambapo kila mmoja mwenye karatasi mkononi anataka kitu kidogo. Kijana wetu alitazama matope na magunia, akauliza: "Papa, hii ndiyo bichi?" Tulimwambia angoje.

Kuvuka si mchezo. Maporomoko yako upande wa chini, sauti yake unaisikia muda wote, kama lori lisilozima. Mtumbwi hauvuki moja kwa moja. Kwanza unapanda kandokando ya ukingo, pale maji yamelala, wapiga kasia wawili wakisukuma na miti mirefu, mpaka wanapita juu sana ya pahali wanapotaka kufika. Kiisha wanageuza uso wa mtumbwi, wanapiga kasia kwa nguvu, na mto wenyewe unakushusha mpaka kisiwani. Mwenye mtumbwi alitupa sheria zake: "Musisimame. Mikono ndani. Papa mwalimu, usifundishe mutu hapa katikati." Mama watoto alifunga macho. Sisi tuliangalia, na kusema kweli tulikuwa tunautafuta ule usiku wa mwaka 2000 juu ya maji, lakini haukuwapo. Yalikuwa maji ya asubuhi tu, rangi ya chai, yenye visiwa vidogo vya majani vinavyoteremka.

Mchanga wa Mbiye si mweupe. Ni wa rangi ya sukari ile isiyosafishwa, na chini ya jua una vitu vidogo vinavyong'aa. Unatoka ndani ya mto kama ulimi mrefu, na kila mwaka ulimi huo unahama kidogo. Mahali tuliposhuka, mwenye mtumbwi alisema mwaka uliopita pale palikuwa maji ya kufika shingoni. Hakuna minazi, kuna ngazi. Hakuna viti wala mahoteli. Kuna nyavu zinazokauka juu ya miti, mama wawili wanaosugua masufuria kwa mchanga mpaka yanakuwa kama vioo, watoto uchi wanaojizika mpaka kiunoni, na mbwa mmoja mwembamba anayelinda samaki ambao si wake. Mchanga wa juu ulikuwa umeanza kuchoma, wa chini bado baridi. Kijana wetu alivua viatu, akakimbia mpaka mwisho wa ulimi, akataka kuruka ndani. Watoto wa kisiwa wakampigia kelele wote pamoja: "Kule hapana!" Wakamvuta mkono wakamwonyesha pahali pao pa kuogelea, kidimbwi nyuma ya mchanga ambamo mkondo hauingii. Huko alibaki saa mbili. Hatujamwona akicheka vile tangu alipoanza sekondari.

Kidogo mbali tuliona mtumbwi mkubwa ukipakiwa mchanga kwa beleshi. Ni wa kujengea nyumba mjini, walituambia. Hata nyumba yetu, tulipofikiri, ilijengwa kwa mchanga wa mto, na siku ile hatukuuliza ulitoka wapi.

Kijijini mtu haingii kama sokoni. Tulipelekwa kwanza kwa mzee, tukapewa kiti cha mti, tukatoa chumvi na sabuni. Nyumba ni za udongo, paa za majani, chache zina bati. Kuna kanisa dogo, na shule ambayo tuliitazama kwa jicho la kazi: ubao mmoja umepasuka katikati, lakini chaki imeandika tarehe ya siku ya mwisho ya shule kwa mwandiko mzuri sana. Mzee ni Mwenya. Sisi wa mji tunawaita Wagenia, wao wenyewe wanasema Waenya, na alitusahihisha bila hasira. Akauliza: "Munatoka kwa nani?" Tukamweleza habari ya mwaka 2000, ya mvuvi, ya mama mwenye nyumba ya njia ya majini. Alinyamaza. Kiisha akamtuma mtoto mbio.

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono myeupe kwa unga wa muhogo. Alitutazama kutoka viatu mpaka kichwa.

"Si wewe ni ule kijana wa radio?"

Tulikuwa tumesahau. Usiku ule wa kukimbia, kati ya vitu vyote vya nyumbani, sisi tulibeba radio isiyo na betri, na kwa siku nne tulikaa nayo mapajani kama mtoto. Yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na kwa miaka yote hiyo, nyumbani kwao walitumia sisi kama mfano wa ujinga: "Usiwe kama kijana wa radio."

Mama yake alikuwa ameaga miaka sita iliyotangulia. Alituonyesha pahali alipozikwa, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Hatukuwa na maneno. Mama watoto ndiye alifungua kitenge akampa binti, akamwambia: "Hiki kilikuwa cha mama. Tumechelewa." Binti alikipokea kwa mikono miwili. Akasema basi mutakula kwangu, na jambo hilo halikuwa la kujadiliwa.

Sasa tuseme juu ya chakula, maana ndicho tulichoombwa kuandika, na ndicho tunachokijua kidogo kuliko tulivyodhani. Mjini tunakulaka lituma, ndiyo. Tunainunua imekwisha fungwa, tunaikata, tunaendelea na mazungumzo. Pale tuliiona ikitengenezwa toka mwanzo. Ndizi za kupika zimechaguliwa zilizokomaa lakini hazijaanza kuwa tamu. Binti alizikuna kwa ukucha kujua. Zinamenywa, zinachemshwa na chumvi kidogo, maji yanamwagwa zikiwa bado na joto. Kiisha kinu. Mama watoto aliomba mchi, akapiga mara kumi, binti akamnyang'anya akicheka: alikuwa anapiga kama sombe. Sombe unaiponda kwa hasira, alisema. Ndizi unaikanda, mchi unashuka na kugeuka kidogo, usiache vipande. Aliongeza muhogo uliochemshwa, si mwingi, wa kushika tu. Mkono unaloweshwa majini, donge linazungushwa mpaka linakuwa laini kama yai. Likipoa halikuwi gumu. Mvuvi anaenda nalo majini siku nzima.

Samaki walikuwa mboto mmoja mkubwa na ngolo wawili. Ngolo walikwenda katika liboke: chumvi, pilipili mbichi, kitunguu cha majani, tone la mafuta mekundu, vikafungwa ndani ya majani mapana yaliyopitishwa kwanza juu ya moto ili yasipasuke, vikafungwa kwa kamba ya gome, vikalazwa pembeni ya moto, si juu yake. Mama watoto aliuliza kibe kiko wapi. Binti hakuelewa, kiisha akaelewa, akasema kibe wanakitumiaka kama samaki ni wa friji. Tukameza neno hilo pamoja na mate. Mboto alipikwa na ngai-ngai, uchungu wake unakata mafuta vizuri. Na mbinzo zilikaangwa zenyewe, bila mafuta, katika sufuria kavu, mpaka zikaanza kulia.

Tulipotoa mchele, kulikuwa na majadiliano ya kweli. Binti alitaka kuuweka kwa siku ya sikukuu. Mzee akasema wageni ni sikukuu. Ukapikwa nusu, na jioni juu ya mkeka kulikuwa lituma upande mmoja na wali upande wa pili, na watoto wa kisiwa wakaenda wote upande wa wali, kijana wetu akabaki peke yake na lituma, akala madonge matatu. Kila mutu alitamani cha mwenzake. Kichwa cha mboto kiliwekwa mbele yetu. Tulikataa kwa adabu, mzee akakirudisha: "Kichwa ni cha mutu aliyerudi."

Tulilala pale. Usiku, maporomoko yalisikika chini zaidi, na mzee alituzungumzia kazi yao. Watalii wanapiga picha ile miti mikubwa iliyosimama katika maji makali na zile nasi za kamba zenye mdomo mpana kama mlango, wakidhani imesimama tu toka zamani. Kila nguzo ina mwenyewe. Pahali pa kutega panarithiwa, jamaa kwa jamaa, na jiwe linalofunikwa na maji linajulikana kwa jina. Maji makubwa yakipita yanabeba nguzo, lazima ziwekwe nyingine: mti mgumu, mrefu, ulionyooka, na kamba za msituni za kufungia, maana msumari hauwezi kazi ile. "Zamani mti wa nguzo tuliukata hapa nyuma, unausikia ukianguka toka nyumbani. Sasa tunaenda mbali, siku nzima. Kamba pia. Siku moja tutafunga nguzo na nini?"

Asubuhi alitupeleka kuona. Katikati ya kisiwa msitu bado ni msitu. Tulisimama chini ya limbali, ile miti mikubwa inayopenda kukaa pamoja na wenzake bila kuwapa wengine nafasi, na chini yake kuna giza la baridi kama ndani ya kanisa la mawe. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamepima miti humu kwa miaka mingi. Kuna vitabu vya mitihani yao juu ya Mbiye kuliko juu ya mitaa mingi ya mji. Lakini kabla ya kufika kwenye limbali tulitembea muda mrefu katika mashamba ya muhogo na vichaka, na kila mara harufu ya moshi. Tanuru za makala, vilima vya udongo vinavyofuka taratibu, na magunia yaliyosimama kando ya njia, midomo imefungwa kwa majani. Binti alituonyesha kisiki: "Ule ulikuwa muti wa mbinzo. Watoto walikuwa wanaokota hapa chini. Mwaka huu mumekula, lakini si za hapa, tulinunua ng'ambo."

Kwenye tanuru moja tulimkuta kijana, mjukuu wa mzee, amemaliza sekondari miaka mitatu iliyopita. Tulianza kumwambia maneno ya mwalimu: msitu, mvua, udongo, samaki wanaozalia katika mizizi wakati wa maji makubwa. Alitusikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akijifuta jasho.

"Ni kweli, Mwalimu. Nilisoma vile. Mjini kwenu munapikiaka na nini?"

Nyumbani tuna jiko la umeme, lipo juu ya kabati. Umeme unakuja, unakwenda, mara nyingi unakwenda. Bwawa la Tshopo liko kilomita chache kutoka nyumba yetu, tunaweza kulitembelea kwa miguu.

"Makala," tulisema.

"Haya."

Hakusema lingine, akarudi kuziba tundu la moshi kwa udongo. Mzee alitazama pembeni, kwa kutuhurumia nafikiri.

Saa ya kurudi, familia ilitusindikiza mpaka mchangani. Binti alitoa pakiti ya samaki wa moshi iliyofungwa vizuri, na madonge ya lituma kwa njia. Kiisha kijana wa tanuru akateremka na gunia la makala begani, akaliweka ndani ya mtumbwi, mbele ya miguu yetu. Zawadi. Kwa ule mchele, alisema, na kwa mama yake mkubwa aliyelala chini ya mwembe, ambaye angekasirika wageni wa radio wakirudi mikono mitupu. Tulitazamana na mama watoto. Zawadi ya namna ile hairudishwi. Tulishukuru, tukakaa juu yake, maana mtumbwi ulikuwa umejaa magunia mengine ya kuuza na nafasi haikuwapo.

Kuteremka ni haraka kuliko kupanda. Kijana wetu aliangalia nyuma mpaka mchanga ukawa mstari tu. Pale bichi, mutu mwenye karatasi alihesabu magunia yote, pamoja na letu, na tulilipa kama wachuuzi.

Gunia lile lilipika nyumbani wiki tatu na siku mbili. Mama watoto, ambaye hakupata kuhesabu makala maisha yake yote, safari hii alihesabu. Alijaribu pia kukanda ndizi kama alivyoonyeshwa, akakasirika na kinu chetu, kwamba ni cha sombe tu.

Mwezi wa tisa shule ilifunguliwa. Wanafunzi wale wamepanda darasa sasa, hatuwafundishi tena jiografia, lakini tuliomba nusu saa kwa mwenzetu. Hatukuchora Unguja. Tulichora mto, tukachora maporomoko, na juu yake kisiwa kirefu, tukaandika majina: pahali pa mchanga, vijiji, mashamba, limbali, tanuru. Tuliwaeleza ginsi mtumbwi unavyopanda kwanza ndipo unavuka. Mtoto yule wa Lubunga alikaa nyuma, hakucheka. Mwisho akainua kidole tena.

"Mwalimu, kwenda na kurudi ni bei gani?"

Tulimwambia bei tuliyolipa, na kwamba ya kurudi inapungua kama mtu anakubali kukaa juu ya magunia. Aliiandika katika daftari, upande wa mwisho, pale wanapoandikaka mambo yasiyo ya shule.